TAHARIRI: NESI WA MLANGONI AU GARI LA WAGONJWA?



Mwezi ujao tawi letu litapiga kura juu ya neno ambalo limekwisha leta kelele nyingi karakanani, stesheni, na hata kwenye mfereji wa maji huku landi. Katika mazungumzo ya mkataba mwajiri amekubali kutoa jambo moja la afya, moja tu. Tukitaka, atanunua gari la wagonjwa likae getini mwa karakana. Tukitaka, ataajiri nesi mmoja wa afya ya jamii, ambaye kazi yake itakuwa kuzunguka nyumba zetu. Kamati imegawanyika nusu kwa nusu, na sisi wa karatasi hii tumeombwa tuseme tunavyoona. Twasema wazi tangu mwanzo, ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho asisumbuke: sisi tunataka nesi.

Twajua kwamba wengi wenu mnataka gari. Tumewasikia. Gari linaonekana. Lina rangi, lina king'ora, laweza kuoshwa siku ya Jumamosi na viongozi wakapigwa picha kando yake. Nesi hana king'ora. Yeye huja na mkoba na daftari, hubisha hodi wakati mama anafua na wewe umelala baada ya zamu ya usiku, kisha huuliza maswali ya kuudhi: choo kiko wapi, watoto wangapi wanalala chumba hiki, nani anakohoa, kadi ya kiliniki iko wapi. Sisi wenyewe, tusifiche, miaka miwili iliyopita tuliandika katika ukurasa huu maneno ya dhihaka juu ya nesi wa kaunti aliyekuwa akizunguka landi. Tulimwita mpekuzi wa masufuria. Na siku aliyofika kwetu tulimwagiza mama watoto aseme hakuna mtu nyumbani. Leo twaona haya kwa jambo hilo, na sababu yake ni hii.

Wengi mnamkumbuka mwenzetu wa genge la njia, yule mrefu mwenye mzaha, aliyekuwa akicheza drafti chini ya mwembe kila Jumapili. Jina lake hatuliandiki, maana familia yake ipo. Alianza kukohoa wakati wa mvua za vuli. Alikwenda dispensari mara tatu, na mara zote tatu alirudi na chupa ya dawa ya kikohozi. Hakuna aliyemwomba makohozi yapimwe. Hakuna aliyemwuliza analala na nani. Akakonda, nasi tukamtania kwamba mapenzi yanammaliza. Mwezi wa tano wa kukohoa kwake alianguka kazini akitema damu. Siku hiyo gari lilipatikana upesi. Barabara ilikuwa wazi, hapakuwa na foleni, na nusu saa haikwisha kabla ya kufikishwa hospitali. Alikufa siku ya tisa.

Tunaomba kila mwanachama anayepigania gari aifikirie siku ile. Gari halikuchelewa hata kidogo. Kama lingekuwa letu wenyewe, limeandikwa jina la tawi ubavuni, lisingefika mapema zaidi. Kilichochelewa ni miezi minne na nusu iliyotangulia, na wakati huo wote alikuwa akitembea kwa miguu yake mwenyewe, hahitaji kubebwa na mtu.

Wiki mbili baada ya mazishi, nesi yule yule tuliyemdhihaki alirudi landi, kwa kuwa hospitali ilipeleka habari kwamba mtu wa kwetu amekufa kwa kifua kikuu. Safari hii watu walifungua milango. Hakuanza na dawa. Alianza na maswali: marehemu alilala chumba gani, alikula na nani, safarini alipanda toroli la njia na nani, Jumapili alicheza drafti na nani. Wengine aliwachukua makohozi, wengine akawatuma wakapigwe picha ya kifua. Wakapatikana wanne: mjane wake, mtoto wao wa pili, jirani wa ukuta mmoja, na fundi wa karakana aliyekuwa mshindani wake wa drafti. Wote wanne walimeza dawa miezi sita. Wote wanne wako hai. Watoto wadogo wa nyumba ile ambao hawakuwa wagonjwa walipewa dawa ya kuwakinga. Fundi huyo sasa yuko kazini kama kawaida, na ndiye aliyetuambia tuyaandike haya bila kuogopa.

Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu ambaye hajatibiwa aweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 katika mwaka mmoja, na hao huwa ni watu wake wa karibu. Akianza dawa zinazofaa na kuzimeza sawasawa, kwa kawaida baada ya majuma mawili hivi hatari ya kuambukiza wengine hupungua sana. Dawa hizo katika hospitali na dispensari za serikali ni bure. Basi hesabu ifanywe na kila mtu mwenyewe. Dawa ipo, bei yake haipo, na mtu akafa. Kilichokosekana ni mtu wa kutembea kutoka kwenye dawa mpaka kwenye mlango.

Sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno makubwa. Kila asubuhi kabla ya treni kupita, mwenzetu hutembea juu ya njia na nyundo na spana. Huangalia bolti iliyolegea, taruma lililooza, kokoto zilizochukuliwa na maji. Hakuna anayempigia makofi, na hakuna gazeti linaloandika kwamba jana treni haikuanguka. Treni ikianguka ndipo kreni huletwa na mabwana wakubwa huja na magari yao. Kreni ni kitu kizuri, na siku ya ajali twaihitaji sana. Lakini je, yuko mtu wa reli mwenye akili ambaye angewaachisha kazi watembea njia wote ili anunue kreni ya pili? Nesi wa afya ya jamii ndiye mtembea njia wa landi. Hospitali ndiyo kreni.

Wako watu wanaodhani kwamba nesi wa namna hii ni nesi wa daraja la chini, aliyekosa nafasi katika wadi. Sivyo. Baada ya Uhuru nchi yetu ilianza kumfundisha nesi mmoja kazi tatu pamoja, kuuguza, ukunga na afya ya jamii, kwa sababu watu wengi walikuwa mbali na vitanda vya hospitali. Nesi wa wadi hupewa mgonjwa aliyekwisha lazwa na kuvuliwa viatu, naye humtunza mpaka atoke. Wa jamii hana mgonjwa mmoja. Mgonjwa wake ni mstari mzima wa nyumba, pamoja na wazima walio ndani yake, pamoja na mfereji na mtaro na jiko la makaa linaloachwa likiwaka chumbani usiku. Anaingia nyumba ya mtu kama mgeni, kwa hiyo hana amri, ana ombi tu. Lazima ajue kuongea na bibi mkongwe na kijana mlevi kwa siku moja. Lazima aandike kila kitu, maana asipoandika hatajua kwamba nyumba tatu zenye kuhara zote zateka maji mahali pamoja. Na akisha kufundisha jambo, lazima arudi kuona kama limefanyika. Hiyo kazi ya kurudi ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoachwa kwanza wakati manesi ni wachache.

Kazi yenyewe ina asili yake, na twaona yafaa wanachama waijue, kwa sababu haikuanzia kwa madaktari. Katika mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza, mwaka 1859, mfanyabiashara mmoja aitwaye William Rathbone alifiwa na mke wake. Nesi aliyemwuguza mke huyo nyumbani aliitwa Mary Robinson. Rathbone akafikiri: ikiwa mimi mwenye mali nilipata faraja kubwa hivi kwa kuwa na nesi nyumbani, masikini wa mji huu wana hali gani? Akamwajiri Mary Robinson kwa miezi mitatu awatembelee masikini majumbani mwao, awauguze, na awafundishe kujiuguza. Baada ya mwezi mmoja tu yule mama alirudi akilia, akaomba aachiliwe, kwa maana hakuweza kustahimili taabu aliyoiona. Rathbone akamsihi amalize muda wake. Ilipotimia miezi mitatu alikuwa amewaona watu waliokata tamaa wakisimama tena kwa miguu yao, na yeye mwenyewe akaomba aendelee na kazi. Kutoka hapo, kwa shauri la Florence Nightingale, shule ya kufundishia manesi ilijengwa Liverpool, na mji ukagawanywa mitaa, kila mtaa na nesi wake. Sisi twapenda sana habari ya yule mama kulia. Inaonyesha kwamba kazi hii ni kazi, tena nzito, wala si huruma ya watu wasio na shughuli.

Mwaka 1893, katika mtaa wa wahamiaji masikini huko New York, nesi kijana Lillian Wald alikuwa akiwafundisha akina mama namna ya kuuguza nyumbani. Mtoto wa kike akaja kumwita aende akamwone mama yake aliyejifungua na kuvuja damu. Aliyoyaona katika chumba kile yalimfanya ahamie mtaa ule ule na kukaa huko huko na watu. Yeye ndiye aliyetoa jina la nesi wa afya ya umma. Mwaka 1909 aliishawishi kampuni kubwa ya bima ya maisha, Metropolitan Life, iwalipie manesi wa kuwatembelea wafanyakazi waliokuwa na bima yake. Angalieni sana hapo, ndugu. Kampuni ya bima haina desturi ya kugawa sadaka. Ilikubali kwa sababu kila mteja aliyeishi muda mrefu aliendelea kulipa, na kila aliyekufa mapema aliigharimu kampuni. Mwajiri wetu naye anajua kupiga hesabu. Akitwambia kwamba nesi ni gharama, wajumbe wetu wamwulize siku ngapi za kazi zilipotea mwaka jana kwa kuhara na kwa kukohoa, na nani alilipwa ovataimu kuziba mapengo hayo.

Linalotisha watu wengi ni kuuguzwa nyumbani. Tumesikia mtu akisema mkutanoni, "Mwenye kifua kikuu apelekwe mbali, asikae na watoto wetu." Hofu hiyo ni ya zamani na haikuwa ya wajinga peke yao. Hata madaktari waliamini kwamba mgonjwa wa kifua lazima alazwe mwaka mzima mahali penye hewa safi na chakula kizuri. Mwaka 1956 katika mji wa Madras, India, ambako vitanda vilikuwa vichache na wagonjwa wengi, walijaribu. Kundi moja lililazwa hospitali, likapata kitanda, mapumziko na chakula bora. Kundi la pili liliachwa katika nyumba zao zilizojaa watu, likapewa dawa zile zile. Matokeo yalipotolewa mwaka 1959, waliokaa nyumbani walikuwa wamepona karibu sawa na waliolazwa, na watu wa nyumba zao hawakuambukizwa zaidi ya wale wa kundi la kwanza. Lakini waliokaa nyumbani hawakuachwa na vidonge mfukoni tu. Walitembelewa, na mara nyingine walitembelewa bila kuarifiwa, vidonge vikahesabiwa. Kisha, kuanzia mwaka 1970, majaribio yaliyofanywa hapa kwetu Afrika Mashariki, wagonjwa wa Kenya wakiwamo, yalisaidia kuonyesha kwamba miezi sita ya dawa zinazofaa yatosha badala ya mwaka na nusu. Kwa hiyo yule fundi wetu aliyemeza dawa miezi sita akiwa landi alifaidi kazi ya wagonjwa wa Madras na wagonjwa wa nchi hizi.

Sasa tuje kwenye neno zito, ambalo wapinzani wa nesi wanalisema pembeni lakini hawalisemi mkutanoni. Wanaogopa kwamba nesi anayelipwa na mwajiri atakuwa jasusi wa mwajiri. Ataona nani mgonjwa, nani anaishi na virusi vya UKIMWI, nani anakunywa, nani ameweka ndugu wanne katika chumba cha mtu mmoja, na habari zitafika ofisini kabla yeye hajafunga mkoba. Hatuwacheki watu hawa. Wana haki ya kuogopa. Wazee wetu walimjua mtu wa afya kuwa mtu wa amri na kiberiti. Mwaka 1902, tauni ilipoingia katika soko la Wahindi mjini Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, soko lilichomwa moto. Bwana afya aliyekuja kukagua vyoo alikuja pamoja na askari. Mambo kama hayo hukaa katika kumbukumbu za watu hata baada ya waliotenda kuzikwa.

Kwa hiyo sisi hatusemi tupokee nesi yeyote kwa masharti yoyote. Mkataba lazima uandike kwamba katika kazi yake ya uuguzi atasimamiwa na idara ya afya ya kaunti, si na ofisi ya waajiriwa. Daftari lake lisifunguliwe kwa msimamizi wala kwa meneja. Mwajiri aweza kupewa hesabu, kwa mfano kwamba mwezi huu nyumba kumi zimepata kuhara, lakini asipewe majina. Sheria iko upande wetu katika jambo hili. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutoa siri ya mtu juu ya hali yake ya virusi, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mfanyakazi kubaguliwa kwa ajili ya hali hiyo. Juu ya kifua kikuu tunataka iandikwe waziwazi kwamba hakuna mtu atakayepoteza kazi wala nyumba kwa sababu amepatikana nacho, na kwamba atapewa ruhusa yenye malipo mpaka asiwe hatari kwa wenzake. Bila maneno hayo watu watamficha nesi kikohozi, na tutakuwa tumenunua daftari tupu. Na kama mwajiri akikataa masharti haya, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kusema afadhali gari.

Kuna upande mwingine wa nesi ambao mwajiri hatauona mpaka akisha kutia sahihi, na labda si vizuri kuuandika hapa, lakini karatasi hii haina siri na wanachama. Nesi mzuri wa jamii husema. Kipindupindu kilichoanza nchini mwezi wa Oktoba 2022 kilienea kaunti nyingi mwaka 2023, na kila mtu alikuwa akituhimiza tunawe mikono. Vema. Lakini pale kwenye laini ya tatu bomba la maji lilipita ndani ya mtaro wa maji machafu, nalo lilikuwa limetoboka. Akina mama walilalamika mwaka mzima. Kamati yetu iliandika barua mbili. Nesi wa kaunti alikuja siku moja, akaandika nyumba zilizohara, akachora mahali bomba lilipo, akapeleka karatasi yake kwa bwana afya, na baada ya majuma matatu bomba likahamishwa. Twakubali kwa uchungu kidogo kwamba karatasi yake moja ilikuwa na nguvu kuliko barua zetu mbili. Ilikuwa na hesabu ndani yake.

Siku hiyo hiyo aliwaonyesha akina mama namna ya kumsaidia mtoto anayehara kabla ya kumfikisha dispensari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, na mtoto anyweshwe kidogo kidogo huku akiendelea kunyonya. Pakiti za dispensari ni bora, na zikipatikana zitumiwe hizo. Tumeandika hapa kwa sababu wanaume wengi hawakuwapo, na watoto huhara hata zamu ya mama kwenda sokoni.

Tusisahau wale wanaotembea mbele ya nesi. Katika landi yetu ni yule mama anayeuza sukuma wiki karibu na geti la pili. Wengi mnamnunulia mboga na hamjui kwamba yeye ni mhudumu wa afya ya jamii, mwenye nyumba karibu mia moja za kutembelea. Ndiye aliyejua kwanza kwamba mtoto wa marehemu anakohoa, akamwambia nesi. Tangu mpango wa afya ya jamii ulipoanzishwa nchini mwaka 2006, wahudumu wengi kama yeye walifanya kazi miaka mingi kwa kujitolea. Mwaka 2023 serikali iliwagawia wahudumu kama 100,000 mikoba ya vifaa, ikatangaza posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali kuu na nusu kaunti. Tunashukuru kwa hatua hiyo, lakini chama cha wafanyakazi hakiwezi kusema kwamba shilingi 5,000 ni mshahara. Mtu anayehesabu wagonjwa wa nyumba mia moja asilazimike kuuza mboga ndipo ale. Nesi tunayemtaka naye alipwe mshahara wa nesi, na awe huru kuwa mwanachama wa chama cha wauguzi. Mwaka 2017 manesi wa nchi hii waligoma karibu miezi mitano. Wakati huo baadhi yetu tuliwalaani kwa sababu chanjo za watoto zilisimama. Ni wangapi kati yetu tuliuliza walikuwa wanadai nini?

Turudi kwa wenzetu wa gari, maana wana hoja moja yenye nguvu, na hatupendi kuipita kimya. Mwaka juzi mwenzetu wa shanti alibanwa mguu kati ya mabehewa, akachukuliwa juu ya pikapu ya mchanga, na kila shimo la barabara alilisikia mfupani. Tulikuwapo. Hakuna mtu aliyekuwapo anayeweza kusema kwamba gari la wagonjwa ni anasa. Lakini someni sheria. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha ya kazini inamtaka mwajiri afanye mpango wa kumfikisha hospitali mfanyakazi aliyeumia kazini, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inadai huduma ya kwanza. Yaani usafiri wa mtu aliyeumia ni deni ambalo mwajiri anadaiwa tayari. Kwa nini basi tumlipe deni lake kwa kura yetu? Pikapu ya mchanga ilikuwa kosa la kudaiwa siku ile ile, na kamati yetu, nasi tukiwamo, ilishughulika na michango ya hospitali ikasahau kudai. Tunapendekeza mkutano upitishe mambo mawili: kura ipigwe kwa ajili ya nesi, na katibu aandike barua ya kudai mpango wa usafiri kwa mujibu wa sheria, mpango wenye jina la mtu na namba ya simu ukutani mwa kila ofisi ya zamu.

Tena gari litakaa getini mwa karakana. Nani hufanya kazi karakanani? Sisi wanaume, na akina dada wachache. Wake zetu, wazazi wetu wazee na watoto wako landi, kilomita mbili kutoka getini, na wao hawapigi kura. Mjane wa mwenzetu hapigi kura. Tulipomwuliza yeye angechagua nini, hakutujibu mara moja. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Shemeji, mimi nilisikia kikohozi kile kila usiku miezi mitano. Kama mtu angebisha hodi akaniuliza, ningemwambia."

Mkutano ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa landi. Waje na wake zetu. Hawatapiga kura, kwa kuwa katiba ya tawi hairuhusu, lakini mwenyekiti amekubali kwamba watakaa mbele na watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura. Wanachama ambao hawajalipa ada ya miezi mitatu wamwone mweka hazina kabla ya Ijumaa, vinginevyo majina yao hayatakuwa katika orodha ya wapiga kura. Walio zamu siku hiyo wapeleke majina yao kwa katibu ili wabadilishiwe zamu mapema.